Fundi Lusungu na Alama Nyekundu ya Babu

Mama Mdogo Lusungu ameolewa kwetu miaka sita, na mpaka leo hajui sura ya Babu ikoje kwa karibu. Anajua kikohozi chake. Anajua viatu vyake vinavyolia kwenye changarawe. Na kuliko vyote anajua mlio wa gari lake, maana likisikika linakata kona pale kwenye mashine ya mpunga, yeye huweka spana chini na kuingia nyuma ya kibanda mpaka lipite.

Hawana ugomvi. Ni desturi yetu Wanyakyusa: mkwe wa kike na baba mkwe hawakutani uso kwa uso, hawasemeshani, hawali pamoja. Nyumba nyingi hapa Ngonga zimeacha. Siku hizi utawakuta wamekaa benchi moja kanisani na hakuna anayegeuka kuwatazama. Babu Ambilikile hakuacha. Na Mama Mdogo, aliyekuja kutoka Busale na cheti cha ufundi wa magari na ovaroli mbili, alikubali. Nilimuuliza siku moja kama haimchoshi.

"Inichoshe nini?" akanijibu. "Wenzangu wanaamka wanaambiwa na wakwe zao chai haina sukari. Mimi nani ananiambia?"

Kibanda chake kina nguzo nne na mabati machakavu, kimesimama kando ya barabara kwenye kiwanja cha Babu. Anatengeneza pikipiki, matrekta madogo ya kulimia mpunga, mashine za kukoboa, na gari likipita lenye shida. Mwanzoni wateja walikuwa wakifika na kumuuliza, "Dada, fundi yuko wapi?" Yeye alikuwa akisema, "Ametoka kidogo, mimi ni mdogo wake, hebu nishikeshike wakati unamsubiri." Fundi hakurudi kamwe, na mteja aliondoka chombo kikiwa kimepona, bado akiangalia nyuma kama atamwona kaka mtu.

Mteja mmoja tu hakuwahi kumpata: Babu.

Babu alikuwa mpima mizani wa chama cha ushirika kwa miaka ishirini na miwili. Aliona watu wakitia mawe kwenye magunia ya kakao, wengine wakimwagia maji mpunga ili uwe mzito. Alipostaafu, mawe yale alibaki nayo kichwani. Kila mtu anayemwona anamwona ana gunia, na ndani yake kuna jiwe. Gari lake jeupe, la mwaka tisini na nane, alilinunua kwa ofisa mmoja aliyehamishwa, na siku ya kwanza tu alilikagua mpaka chini ya mazulia.

Mafundi ndio anaowaogopa zaidi. Anasema fundi akifungua boneti ukageuza shingo kupiga chafya, kifaa orijino kimeshaondoka na umewekewa feki. Kwa hiyo gari likienda kutengenezwa anaenda na kigoda chake, anakaa jirani na gurudumu, hanywi hata maji asije akahitaji kwenda chooni. Na kila kifaa anakitia alama. Ananunua ile gundi nyekundu ya silikoni ambayo mafundi wanapaka kwenye gasketi, anabandika donge, kisha kabla halijakauka anagandamiza dole gumba lake. Betri ina dole. Jenereta ina dole. Ukifungua boneti ni kama ofisi ya vitambulisho.

Mwaka huu mwezi wa tatu taa ya injini iliwaka kwenye dashibodi na gari likaanza kunywa petroli. Lilitoa moshi mweusi na harufu inayochoma macho. Babu alimshuku kwanza Baba Mdogo Andongwisye, mume wa Mama Mdogo, ambaye ni dereva wa lori la kakao na huliazima gari akiwa nyumbani. Alisema anayafyonza mafuta, yanavushwa mto Songwe na kuuzwa ng'ambo. Baba Mdogo akaenda safari wiki mbili, na mafuta yakaendelea kuisha vilevile. Ndipo Babu akakubali kwenda kwa Hezroni, fundi wa Kyela mjini.

Hezroni akasema sensa ya oksijeni imekufa kwa uzee. Akaweka mpya, Babu akiwa juu ya kigoda. Gari likatulia. Baada ya wiki taa ikawaka tena. Hezroni akashangaa, akaweka nyingine. Wiki haikuisha, taa hiyo. Safari hii Babu hakurudi kwake. Alizunguka soko zima akisema Hezroni anauza takataka, tena mbele ya wateja wake.

"Ambilikile," Bibi akamwambia wakati tunakula, "una fundi hapa kwako, unahangaika na nini?"

"Nitakaaje pale kumwangalia?"

"Usikae basi."

Babu aliacha kutafuna. Nadhani hakuwahi kulifikiria gari lake likifunguliwa bila yeye kuwepo. Akanigeukia. Mimi nilikuwa likizo, kidato cha tatu, na kazi yangu siku hiyo ilikuwa kugeuza kakao kwenye mikeka.

"Prisca, utakaa wewe. Usipepese. Chenye alama yangu kisibadilishwe. Nikikuta alama haipo, nitajua. Na kama ni mwizi, aondoe vyuma vyake kwenye kiwanja changu. Siwezi kufuga mwizi barabarani kwangu."

"Mke wa mwanao huyo," Bibi alisema.

"Mke wa mwanangu atabaki. Kibanda ndicho kitaondoka."

Sisi wote tulijua kibanda ndicho maisha ya Mama Mdogo. Hana kingine alichokitolea jasho hivyo.

Jumatatu asubuhi Babu aliliegesha gari mbele ya kibanda kikiwa kitupu, akaniachia ufunguo, akarudi ndani. Mama Mdogo alitokea nyuma ya migomba mlango wa nyumba ulipofungwa.

"Askari wangu wewe," akaniambia. "Umekuja na pingu?"

Sikucheka. Nilikuwa nimeshaanza kupepesa kidogo kidogo.

Aliwasha gari, akaenda nyuma kunusa moshi kama mtu anayenusa mboga kama imechacha. Akaziba bomba la ekzosi kwa kitambaa cheupe, kikatoka na duara jeusi. Akafungua plagi moja; ilikuwa nyeusi kama chungu cha maharage. Kisha akachomeka kidude kidogo chini ya usukani na kunionyesha simu yake. Kulikuwa na mstari umelala chini kabisa, sifuri nukta moja, hausogei.

"Hii ndiyo sensa. Ni pua. Imekaa kwenye bomba la moshi, inanusa, halafu inaiambia kompyuta ya gari mafuta yamezidi au yamepungua. Sasa hivi inasema yamepungua. Gari lina njaa. Kompyuta inaongeza mafuta. Lakini hebu itazame plagi. Mtu mwenye njaa anatapika hivi?"

"Hapana."

"Ngoja tuilishe kwa nguvu." Alichukua kopo la dawa ya kusafishia kabureta akanyunyiza kwenye mdomo wa kuingizia hewa. Injini ikakohoa, ikataka kuzimika, moshi ukafunika migomba. Kwenye simu mstari ulikuwa umelala palepale. "Umeona? Nimeimiminia mpaka inapaliwa, na bado inasema ina njaa. Huyu ni mwongo."

"Labda waya umekatika," nilisema. Fizikia naipenda.

Aliniangalia kwa furaha kweli. "Labda." Akachukua kipimo chake cha umeme, akapima waya mmoja mmoja. Zote nzima. "Basi tumwone mwongo mwenyewe."

Akatandika gunia, akaingia chini ya gari. Mama Mdogo akifanya kazi huwa anaimba nyimbo za kwaya kwa pua, na sasa hakuimba.

"Prisca. Hii gundi ameweka nani?"

Niliinama. Pale waya zinapoingia kwenye sensa kulikuwa na donge jekundu nene, limekizunguka kifaa kama kilemba, na katikati yake dole gumba. Nililijua dole lile. Lakini Babu alikuwa amenionya nisimwambie fundi lolote kuhusu alama.

"Sijui."

"Hezroni?"

"Sijui, Mama Mdogo."

Alilitazama lile dole muda mrefu, kisha akanitazama mimi. "Nenda kwa Bibi, niletee maji ya moto."

Nilikwenda mbio. Niliporudi na birika, alikuwa ameketi sensa mkononi, safi, inang'aa chuma kitupu. Donge halikuwepo. Yale maji hakuyagusa. Hakuyataka hata kidogo! Ndani ya sanduku lake la bati lililokuwa wazi kulikuwa na sensa nyingine mbili za zamani, zinafanana na ile kama mapacha. Alinituma makusudi.

Alifunga sensa, akawasha gari, akasubiri lipate moto. Mstari kwenye simu ukaanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, kama mtu anayepumua. Moshi ukapungua. Harufu ikakatika. Akaifuta taa kwa simu yake.

"Limepona," alisema, lakini bila furaha.

"Ile gundi iko wapi?"

"Nimeikwangua."

"Na hiyo sensa ni ileile?"

"Umeambiwa uniulize, au umeuliza mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Nilikutuma maji ili wewe usiwepo ninapoitoa. Ili uweze kusema hukuona." Akajifuta mikono. "Lakini naona nimekosea. Nenda kamwambie aliyekutuma ulichokiona. Usiongeze, usipunguze."

Nilimwambia Babu. Sikuongeza. Ila sasa ninapoandika naona kwamba jinsi nilivyotaja zile sensa mbili za kwenye sanduku, sauti yangu iliongeza yenyewe.

"Nilijua," Babu alisema. Hakukasirika hata. Alionekana kama mtu aliyepewa majibu ya mtihani aliyoyategemea. Akasimama sebuleni katikati, dirisha likiwa wazi. "Prisca! Mwambie mama yako mdogo, Jumamosi vyuma vyake viwe vimetoka!"

Mama Mdogo alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, hatua kumi. Alisikia. Walisikia mpaka wanaovuka barabara. Lakini ilibidi nitoke, nizunguke jiko, nirudie.

"Mwambie Baba," alisema, naye sauti akaipandisha, "aipake tena. Gundi ileile, mahali palepale, kwa mkono wake mwenyewe. Aendeshe siku tatu. Taa isipowaka, mimi ni mwizi, na Jumamosi nitang'oa nguzo mwenyewe bila kusukumwa. Ikiwaka…"

"Ikiwaka?"

"Ikiwaka ataona."

Nikazunguka jiko tena. Babu alikuwa amekaza macho kwenye ukuta. "Anataka nini huyu?" aliuliza, si mimi, nadhani. "Kuna kitu amekifunga mle ndani. Mwambie sawa. Lakini gari halisogei karibu na kibanda chake. Halilali huko, halipiti huko."

Nilipompelekea, Mama Mdogo alinikalisha juu ya tairi.

"Sensa hii inanusa moshi kwa mbele," alisema polepole. "Lakini nyuma, pale waya zinapoingia, inavuta hewa safi ya nje. Inalinganisha. Ukiiziba nyuma haina cha kulinganisha nacho, inabaki inasema njaa, njaa. Hezroni aliiona gundi, naamini, akadhani ni ya kuzuia maji ya mafuriko, maana huku wengi wanapaka. Ile ya kwanza ilikufa kwa uzee kweli. Mbili za baadaye zimezibwa pua."

"Na dole la Babu!"

"Mimi sikusema dole la nani."

"Kwa nini usimwambie?"

"Mkwe amwambie baba mkwe kwamba mkono wake ndio ulioharibu gari? Hata ukitumwa wewe, maneno yatakuwa yangu. Na wewe usimwambie. Aone."

Nilimwamini nusu. Nusu nyingine ilikuwa inajiuliza: na kama ni uongo mzuri tu? Mtu akijua sana kitu, anaweza kukudanganya ndani yake na usijue mlango wa kutokea.

Babu alipaka jioni ile, nyingi kuliko mwanzo, akagandamiza dole mara mbili. Jumanne tulikwenda Kyela mjini na kurudi. Taa haikuwaka. Jumatano tukaenda Matema kupeleka mchele kwa dada yake Babu, ziwa likimeta kulia, mimi macho kwenye dashibodi. Haikuwaka. Babu akaanza kupiga mluzi. Nilimkumbuka Mama Mdogo. Asubuhi ile nilimwona akifunga spana kwenye gunia, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo. Sikujua ninaumia kwa kuwa ataondoka au kwa kuwa huenda nilikuwa nimemshuku sawasawa.

Alhamisi tulikwenda Ngana kuchukua miche ya kakao. Tukiwa tunarudi nilinusa kwanza. Ile harufu ya kuchoma macho. Halafu taa, ya manjano, ikawaka bila haraka yoyote.

Babu aliacha mluzi. Akaendesha kama mita mia mbili hivi, akaegesha pembeni ya jaruba.

"Amechezea waya," alisema.

"Gari hajalikaribia, Babu. Umelilaza chini ya dirisha lako."

"Tangu Jumatatu. Aliutegesha."

Alikaa mikono juu ya usukani. Kisha akazima injini, akafungua boneti, akakaa kwenye nyasi kusubiri bomba lipoe. Tulikaa karibu saa nzima. Alitoa kisu chake cha kukatia kakao, akaingia chini ya gari, mzee wa miaka sabini na moja na shati lake jeupe, nikasikia akikwangua. Vipande vyekundu vikawa vinaanguka kwenye vumbi. Vingine vilikuwa na michirizi ya dole lake.

"Nilimwona akifuta taa kwa simu," nilimwambia. "Lakini alisema hata ukichomoa waya wa betri kwa muda, inazimika."

"Chomoa."

Tulirudi Ngonga taa imezimika. Ijumaa akaenda peke yake, mjini, Kasumulu, mjini tena, sijui kufanya nini. Alirudi saa kumi akaniita kando ya ghala.

"Haikuwaka," alisema. "Alikwambia kuwa ni gundi?"

"Aliniambia nisikwambie."

"Kwa hiyo alijua."

"Ndiyo, Babu."

"Tangu Jumatatu alijua, akakubali kuitwa mwizi siku nne." Alilisema hilo kwa mashaka yaleyale ya siku zote, kama bado anatafuta jiwe liko wapi kwenye gunia lile na mkono unatoka mtupu. "Bibi yako anajua?"

"Sijui."

"Asijue."

Jumamosi asubuhi Mama Mdogo hakufungua kazi. Trekta dogo la mtu lilikuwa limesimama nje, mwenyewe analalamika, naye amekaa juu ya gunia la spana. Babu alinituma maneno matatu tu.

"Amesema ubaki pale," nilimwambia.

"Na nini kingine?"

"Basi."

Akafungua fundo la gunia, akatoa spana namba kumi na mbili, akaigeuzageuza. Nilimwambia samahani kuhusu zile sensa za kwenye sanduku. "Uliona sensa mbili, ukasema mbili," akasema. "Ndaga, asante. Siku nyingine uliza zinatoka wapi. Ni mbovu, za kufundishia."

Mwenye trekta alikuwa ameshasogea kuona kama kazi inaanza. Lakini Mama Mdogo alisimama, akauelekea ukuta wa nyumba na kuipandisha sauti ile ya Jumatatu.

"Prisca! Mwambie Baba, ndaga fijo! Mwambie na Hezroni naye alichafuliwa jina sokoni!"

Nilizunguka jiko nikikimbia. Babu alikuwa mlangoni, ufunguo mkononi, ameshavaa viatu.

"Babu, Mama Mdogo anasema…"

"Nimesikia. Ana sauti kubwa huyo." Alitazama barabara ya mjini kama mtu anayetazama mto uliojaa. "Ingia kwenye gari. Tunakwenda kwa Hezroni. Tukifika, wewe ndiye utakayeongea."

"Lakini Babu, Hezroni si mkwe wako."

"Nimesema utaongea wewe."